Kipande Kidogo Kilichokatika: Namna ya Kurefusha Maisha ya Printa Kuukuu ya Nyumbani

Mara nyingi printa inayotupwa jalalani huwa bado nzima moyoni. Mota yake inazunguka, kichwa cha wino kinapita huku na huko, taa zinawaka kama zilivyowaka siku ya kwanza. Kilichoshindikana ni ulimi wa plastiki usiozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, uliokuwa ukishikilia trei ya karatasi, au bawaba ya mfuniko iliyokatika siku mtoto alipouegemea kwa kiwiko. Mwenye mashine huipeleka kwa fundi. Fundi akaigeuzageuza, kisha akatoa hukumu inayosikika katika kila mji mdogo: kipuri chake hakipatikani, nunua nyingine.

Hukumu hiyo ni nzito kuliko inavyosikika. Mwalimu wa taaluma hutumia printa ya nyumbani kuchapa majaribio ya mwezi, naye anajua fika kwamba karatasi ya maswali ikipelekwa dukani ndani ya flashi huenda ikasomwa na macho yasiyohusika kabla ya asubuhi ya mtihani. Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa huchapia muhtasari wa vikao. Mwenye meza ya steshenari barazani kwake huitegemea mashine hiyo hiyo moja kwa ada za shule na chakula cha jioni, na ikisimama katika msimu wa fomu za kujiunga na kidato cha kwanza, wateja hawamsubiri. Kwa watu hao, tofauti kati ya kurekebisha na kununua ni tofauti ya mwezi mzima wa mapato, pengine zaidi.

Ni vyema kwanza ikaeleweka kwa nini plastiki ya printa huvunjika. Sehemu kubwa ya maumbo ya ndani na nje ya mashine hizi hutengenezwa kwa familia mbili za plastiki zinazofanana sana: ile iitwayo ABS na ile ya polistirini iliyotiwa chembe za mpira ili isivunjike upesi. Zinapokuwa mpya hupinda kidogo na kurudi. Miaka inavyopita, joto, mwanga wa jua na hewa yenyewe huzidhoofisha zile chembe za mpira, na plastiki inakuwa kavu kama ubua. Printa iliyowekwa kando ya dirisha linalopigwa na jua la mchana huzeeka mapema kuliko pacha wake aliyekaa kivulini. Rangi ya manjano juu ya mfuniko uliokuwa mweupe ni ushahidi wa nje wa jambo hilo. Familia ya tatu ni ya gia. Hizi mara nyingi hutengenezwa kwa asetali, ambayo kwenye alama huandikwa POM: plastiki ngumu, telezi, yenye mguso wa kama nta, inayostahimili msuguano bila mafuta mengi. Sifa hiyo ya kuteleza ndiyo inayoifanya ikatae karibu kila gundi iliyopo dukani.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza mezani ni plastiki gani iliyovunjika. Gundi huchaguliwa baadaye. Viwanda vingi huchapa jibu upande wa ndani wa kipande, kwa herufi ndogo zilizowekwa kati ya alama mbili za mishale: >ABS<, >PS<, >POM<, >PP<. Kioo cha kukuza au kamera ya simu huzisoma vizuri. Pale ambapo hakuna alama, maji na chumvi husaidia. Chembe ndogo iliyokwanguliwa kutoka kwenye kipande, ikishapakwa sabuni ili mapovu ya hewa yasiishike, hutumbukizwa katika glasi ya maji safi. Ikielea, huenda ni polipropilini, ile ya ndoo na vyombo vya chakula. Ikizama, ihamishiwe katika glasi ya maji yaliyotiwa chumvi mpaka chumvi ikakataa kuyeyuka zaidi. ABS na polistirini za kawaida zitapanda juu, kwa kuwa uzito wao unazidi wa maji matupu kwa kiasi kidogo tu; asetali itabaki chini, maana uzito wake ni kama mara 1.4 ya maji. Kipimo hiki si cha mahakama. Plastiki iliyotiwa dawa ya kuzuia moto huwa nzito na inaweza kudanganya. Hata hivyo, humwokoa mtu asipoteze siku nzima akiganda na gia isiyogandika.

Kabla ya kuifungua mashine, waya wa umeme uchomolewe ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Printa za wino wa maji hazina hatari kubwa zaidi ya kuchafua nguo. Printa za leza ni jambo jingine. Ndani yake mna rola inayochemka hadi karibu nyuzi 200 za Selsiasi ili kuuyeyusha unga wa wino juu ya karatasi, na sehemu nyingine hupitisha umeme wa volti nyingi. Mashine iachwe ipoe kwa muda wa saa moja. Katriji ya tona itolewe na kufunikwa kwa kitambaa kizito, kwa sababu ngoma iliyomo haipendi mwanga. Unga ukimwagika usipulizwe kwa mdomo wala kufagiliwa kwa ufagio mkavu: ni mwembamba mno na hubaki hewani. Kitambaa kilicholoweshwa kwa maji baridi kinatosha. Maji ya moto huuyeyusha na kuugandisha palepale.

Mwenye busara hupiga picha kila hatua, hupanga skrubu katika sinia kwa mpangilio wa zilivyotoka, na hukusanya kila kibanzi kilichodondoka. Vibanzi vina thamani kubwa. Ulimi uliokatika, ukipatikana mzima, hurudi mahali pake kama kigae cha chungu, na ukingo wake uliochanika hauhitaji kusawazishwa kwa msasa. Kadiri ulivyo na meno meno ndivyo unavyoshikana vyema. Kosa la kwanza la wengi ni kuusugua ukawa laini, kisha wakashangaa umepungua milimita moja na haufiki tena kwenye tundu lake.

Kwa ABS na polistirini, kiunganishi bora zaidi si gundi bali ni kiyeyusho. Asetoni, ambayo hupatikana katika maduka ya rangi na pia katika baadhi ya viondoa rangi ya kucha, huilainisha ABS hadi pande mbili zilizobanwa pamoja zikawa kitu kimoja. Tone moja kwa ncha ya brashi ndogo huingia lenyewe katika ufa mwembamba. Vipande hubanwa kwa vibanio vya nguo au mpira wa tyubu ya baiskeli, kisha huachwa hadi kesho yake. Pale penye pengo, mafundi hutengeneza uji: makombo ya plastiki ya aina hiyo hiyo, yaliyokatwa kutoka kwenye mfuniko wa mashine iliyokufa, hulowekwa katika asetoni ndani ya kichupa cha kioo chenye kizibo cha chuma mpaka yawe mazito kama asali. Uji huo hupakwa kwa tabaka nyembamba nyembamba, kila moja likiachwa likauke. Anayeharakisha na kumwaga tabaka nene hupata kitu kilichokauka juu na kubaki laini ndani kwa siku kadhaa. Polistirini hulainika na kubaki nata, kwa hiyo kiasi kiwe kidogo zaidi. Asetoni hushika moto kwa urahisi wa kutisha na mvuke wake huumiza kichwa. Kazi ifanyike barazani, mbali na jiko la mkaa, na chupa isiachwe mikononi mwa watoto.

Gundi ile ya matone inayokauka kwa sekunde chache, maarufu kama supagluu, imepewa sifa nzuri na mbaya ambazo zote inastahili. Hushika vyema kipande kisichopinda: nguzo ya skrubu iliyopasuka, kona ya trei, kifuniko cha pembeni. Ikinyunyiziwa baikaboneti ya soda ile ya kuumulia keki, hugeuka mara moja kuwa kitu kigumu kama jiwe kinachoweza kutupiwa tupa na kutobolewa, na kwa njia hiyo pengo dogo huzibwa. Lakini ugumu huo ndio udhaifu wake. Bawaba au ulimi unaopinda kila mara trei inapovutwa utakatika tena palepale, pengine siku ya tatu. Kuna tahadhari nyingine isiyosemwa sana: mvuke wa gundi hii huacha ukungu mweupe juu ya vitu vya karibu. Ukitua juu ya kioo cha skana au vioo vya leza, au juu ya ule utepe mwembamba angavu unaopita nyuma ya kichwa cha wino, ambao mistari yake midogo hukionyesha kichwa kilipo, mashine iliyokuwa na mfuniko mbovu huwa sasa na ugonjwa mkubwa zaidi. Kipande kitolewe, kigandishwe nje, kikauke hadi kesho, ndipo kirudishwe.

Pale ambapo kipande kinabeba uzito au kinapinda, kinachohitajika ni mfupa. Njia iliyozoeleka kwa mafundi wa redio na pikipiki inafaa hapa pia: vipande viwili vikishaunganishwa kwa asetoni, waya mwembamba wa shaba au pini ya stepla iliyonyooshwa hulazwa kukatisha ufa, na pasi ya kulehemu yenye moto wa wastani huusukuma taratibu ndani ya plastiki mpaka uzame. Kisha plastiki iliyopanda pembeni hurudishwa juu yake kama simenti juu ya nondo. Unene wa kuta za printa ni milimita 2 hadi 3 tu, kwa hiyo mkono mzito hutoboa upande wa pili. Anayeanza ajaribu kwanza juu ya kipande kisicho na kazi. Moshi unaotoka haufai kuvutwa.

Nguzo za skrubu, zile mirija midogo inayopokea skrubu ndani ya boma, hupasuka kwa urefu kwa sababu mtu aliikaza skrubu kwa hasira. Tiba yake ni rahisi na hudumu. Skrubu hurudishwa kwa kulegea, nguzo huzungushiwa uzi wa nailoni mizunguko kumi hivi iliyokazwa, kama anavyofungwa mpini wa jembe, kisha matone machache ya supagluu huloweshwa juu ya uzi. Uzi wa pamba usitumike: gundi hiyo ikikutana na pamba hupata joto ghafla, na vidole huungua. Skrubu itolewe kabla gundi haijashika kabisa, isije ikabaki humo milele.

Gundi ya mirija miwili inayochanganywa kabla ya kutumika ndiyo hushika mahali ambapo sehemu kubwa ya kipande imepotea na lazima ijengwe upya. Haihitaji kiyeyusho, hujaza pengo, na haikauki kwa pupa. Masharti yake ni mawili. Uso wa plastiki ukwaruzwe kwa msasa mzito na kusafishwa kwa spiriti, kwa kuwa mafuta ya vidole peke yake yanatosha kuharibu kazi. Na mchanganyiko uwe sawa kwa sawa, uachwe kwa saa 24 hata kama kopo limeandika dakika tano. Matundu madogo mawili matatu yaliyotobolewa kwa sindano ya moto kando ya mvunjiko huipa gundi mahali pa kung'ang'ania. Ulimi mpya wa trei huweza kuchongwa kutoka ubavu wa mashine nyingine, ukawekwa pembeni ya kisiki cha ule wa zamani na kushikwa kwa njia hii. Hautakuwa mzuri kwa macho. Uko ndani, na karatasi haina macho.

Polipropilini haikubali hata moja ya gundi hizi. Ni nadra katika printa, na inapotokea, waya wa shaba au skrubu ndogo yenye nati ndiyo jawabu.

Zimebaki gia, na hapa ukweli unapaswa kusemwa bila kupakwa sukari. Gia ya asetali iliyopasuka haigandishwi. Aina inayoleta usumbufu zaidi ni gia ndogo iliyobanwa juu ya mhimili wa chuma: plastiki hiyo huishi miaka yote ikiwa imetanuliwa na chuma, mpaka siku moja inachanika kati ya meno mawili. Mwenye printa husikia mlio wa "tak" unaorudi kila mzunguko, na karatasi hukwama mahali palepale, kwa sababu pengo la meno mawili limekuwa pana kuliko linavyopaswa. Supagluu itaishika kwa kurasa chache. Wapo wanaofunga ubavu wa gia kwa waya mwembamba, nayo hufanya kazi pale penye nafasi, ikiwa waya haugusi gia ya jirani. Njia ya kuaminika ni kupata nyingine.

Gia nyingine hutoka wapi? Kwanza, kwa mashine ya ukoo mmoja iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Kampuni hutumia gia zile zile katika miundo mingi, hivyo jina lililoandikwa juu ya boma si la lazima kufanana. Cha kulinganisha ni idadi ya meno, kipenyo cha nje, unene, tundu la mhimili, na kama meno yamenyooka au yamelala upande. Kupishana kwa jino moja kunatosha kuifanya isifae. Pili, kwa wachache wenye uwezo wa kufika mijini, zipo karakana zenye mashine za kuchapa vitu vya pande tatu. Gia huchorwa kwenye kompyuta na kujengwa tabaka kwa tabaka. Nailoni hufaa, ile plastiki ya kawaida ya mashine hizo, iitwayo PLA, huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi na haina nafasi karibu na rola ya joto ya printa ya leza. Inafurahisha kukumbuka kwamba mwaka 2013 huko Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou alijenga mashine ya aina hiyo akitumia kwa sehemu kubwa mabaki ya vifaa vya kielektroniki, zikiwamo printa zilizotupwa. Mota na fito za chuma zilizomo ndani ya printa kuukuu zina kazi nyingi bado.

Si kila kukwama kwa karatasi ni kosa la plastiki. Mashine nyingi zimefunguliwa na kuvunjwa kwa bisibisi ilhali tatizo lilikuwa rola ya mpira inayovuta karatasi, iliyojaa vumbi na kung'aa kama kiatu. Kitambaa chenye unyevu wa maji, mizunguko michache, na karatasi iliyohifadhiwa mahali pakavu, hutosha mara nyingi. Jambo hili lichunguzwe kwanza.

Kuna matengenezo yasiyopaswa kujaribiwa nyumbani. Plastiki iliyopasuka karibu na rola ya joto, kipande kinachoshikilia kasha la leza, na boma la kifaa cha umeme ni sehemu za fundi mwenye ujuzi, au za kuachwa. Vivyo hivyo printa ya ofisi ya kijiji, shule au zahanati: hiyo ni mali ya umma iliyoandikwa katika daftari la mali, na hata pale ambapo mtumishi ana mikono hodari, hatua ya kwanza ni kutoa taarifa kwa Afisa TEHAMA. Mtumishi aliyeifungua kwa nia njema na kuiharibu atakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Mashine iliyoshindikana haifai kuchomwa moto pamoja na majani nyuma ya nyumba. Dawa za kuzuia moto zilizomo ndani ya plastiki yake hutoa moshi wenye sumu, na majivu yake hubaki katika udongo wa bustani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za mwaka 2021 kuhusu taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, zinataka vifaa hivyo vitengwe na taka nyingine na kupelekwa kwa wenye kibali cha kuvikusanya. Afisa Mazingira wa Halmashauri ndiye wa kuulizwa. Kabla ya kuiaga, hata hivyo, itolewe gia, chemchemi, skrubu na mfuniko wake wa ABS, viwekwe katika kopo lenye lebo ya muundo wa mashine.

Kopo kama hilo kwa mtu mmoja ni akiba. Kwa kikundi ni karakana. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utengenezaji wa vifaa vya ofisi ni shughuli ya uzalishaji kama nyingine. Kikundi chenye mawazo hayo kianzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, kikiwa na katiba yake na andiko la mradi linaloonyesha zana zitakazonunuliwa. Pasi ya kulehemu, msasa, vibanio na chupa ya asetoni havichukui sehemu kubwa ya andiko hilo.